Mwalimu, hesabu yako ni sahihi, ila usiombe upewe yote

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtafiti. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kahama, nina miaka 41. Tangu niajiriwe nakatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na mwajiri anaongeza 15. Naambiwa nikistaafu nitapewa asilimia 40 kwa mkupuo, inayobaki nitalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa nini nisipewe zote nikanunua hatifungani za serikali mwenyewe? Nimepiga hesabu, hatifungani inanilipa kuliko pensheni. Na hizo pesa zangu kwa sasa ziko wapi?"

Marahaba, mwalimu. Nimekaa na swali lako siku tatu, kwa sababu wengi wanaolijibu huanza kwa kumwambia mwanachama kwamba hajui hesabu. Wewe hesabu unaijua. Nitaanza kwa kukuonyesha ulipo sahihi, halafu nikuambie kwa nini bado nisingekushauri uombe zote.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo 40. Wengi wanadhani ni asilimia 40 ya michango yao, kana kwamba mfuko una kibubu chenye jina la kila mtu, kinavunjwa, kinatolewa chini ya nusu na kingine kinafichwa. Sivyo. Mfuko wa watumishi wa umma hauhesabu ulichoweka. Unahesabu miezi uliyochangia na mshahara uliofikia. Chukua mtu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake bora wa miaka mitatu katika ile kumi ya mwisho ni shilingi milioni 1 kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Zidisha 360 kwa milioni 12, gawanya kwa 580, namba iliyowekwa na kanuni. Unapata 7,448,276. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka mmoja. Asilimia 40 ya hiyo pensheni inazidishwa mara 12.5 na kulipwa mwanzoni: 37,241,379. Asilimia 60 inagawanywa kwa miezi 12: 372,414 kila mwezi, mpaka siku anazikwa.

Sasa tazama ile 12.5, maana siri yote imekaa hapo. Kila shilingi 1 ya pensheni ya mwaka unayoiachia, mfuko unakupa shilingi 12.5 leo. Ukizigeuza hizo shilingi 12.5 kuwa mtaji, ni kama umeuziwa kitu kinachozaa asilimia 8 kwa mwaka, basi. Hatifungani ya serikali ni mkopo unaoipa serikali kwa riba; ile ya miaka 25 ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata zilizotolewa upya zilishushwa hadi 12.56. Hata hiyo ya chini ni zaidi ya 8. Shilingi 12.5 kwa asilimia 12.56 inakuzalia 1.57 kwa mwaka badala ya ile 1 uliyoiacha, na hatifungani ikiiva unarudishiwa mtaji wako wote, wakati pensheni haina mtaji wa kurudisha. Kwa hiyo mwalimu, kwenye karatasi umeshinda. Anayekuambia vinginevyo hajakaa na kalamu.

Najua pia hasira iliyo nyuma ya swali. Waliokuwa PSPF, mfuko wa zamani wa watumishi wa umma, kabla ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018 walikuwa wanagawanya kwa 540, wanachukua asilimia 50, na wanazidisha mara 15.5. Yule mtu wetu wa miaka 30 angeondoka na milioni 62 mkononi na 333,333 kwa mwezi. Kanuni za 2018 zilitaka kumshusha hadi asilimia 25, watumishi wakapiga kelele, na tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa wa mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa 50, na 35 kwa wa mifuko iliyokuwa ikilipa 25. Mtu aliyepanga maisha yake kwa milioni 62 akaambiwa 37 ana haki ya kuuliza. Ila ile ya zamani ilikuwa inalipa kuliko mfuko ulivyoweza kubeba, na nitakuonyesha baadaye kwamba kosa kubwa la kuudhoofisha mfuko halikuwa la mwalimu hata kidogo.

Sasa, kwa nini usiombe zote?

Nikupeleke Korogwe. Katika kazi yangu ya kuhoji wastaafu nilikaa barazani kwa muuguzi mmoja aliyestaafu chini ya utaratibu wa zamani. Alinitolea kaunta buku, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi. Ukurasa wa kwanza ameandika kiasi cha mkupuo, akapiga mistari miwili chini yake kwa rula. Kisha matumizi yanafuata, kwa mwandiko mzuri wa wodini: bati na kenchi za nyumba. Pikipiki ya kijana. Ada ya chuo ya binti, mihula miwili. Mchango wa harusi ya mtoto wa dada. "Shemeji, kukopa, atarudisha Desemba." Shamba la mkonge, hisa na rafiki. Kaburi la baba, saruji. Mistari kumi na saba, na hakuna hata mmoja wa anasa. Ukurasa wa tatu salio limeisha. Hata miezi kumi na minne haijapita. Shemeji hana alama ya tiki mpaka leo.

Kuanzia ukurasa wa nne kalamu inabadilika, kijani. Kila mwezi mstari mmoja: pensheni, kiasi, tarehe. Kurasa na kurasa. Dawa ya presha, unga, umeme, sadaka ya Jumapili. Nilimuuliza angefanya nini kama angepewa zote siku ile. Hakusita. Aliweka kidole kwenye ule ukurasa wa kwanza akasema, "Zingefuata zilikopita zile za kwanza."

Hilo ndilo jambo ambalo hesabu yako haina. Pensheni ya mwezi huu ikiliwa, ya mwezi ujao ipo. Mkupuo unapoingia, unaingia kwenye nyumba yenye watu, ukoo wenye shida na mtaa wenye macho. Siku hiyohiyo anatokea mtu na kiwanja, mwingine na mradi wa kuku, mwingine na kampuni ya mtandaoni inayolipa asilimia 30 kwa mwezi. Sisemi walimu hawana nidhamu. Nasema ni vigumu mno mtu kuwa na milioni 90 kwenye simu wakati mdogo wake anahitaji upasuaji, kisha akajibu kwamba pesa inasubiri mnada wa hatifungani wa Benki Kuu. Mimi nisingeweza.

La pili ni umri. Ukinunua hatifungani ya miaka 25 ukiwa na 60 inaiva ukiwa na 85. Kama mama yako aliishi hadi 93, utaanza upya na kuchagua uwekezaji katika umri ambao hata ujumbe wa benki unasomewa na mjukuu. Pensheni haikuulizi umri. Inachukua fungu la wanaofariki mapema na kuwalisha wanaochelewa. Hilo huwezi kujifanyia peke yako hata uwe na akili kiasi gani, kwa sababu hujui uko kundi lipi.

Na la tatu ni bei ya kuuza kabla ya wakati. Hatifungani ya serikali ni salama kwa maana kwamba ukisubiri utalipwa. Kusubiri ndiko kazi. Tuseme umenunua ya milioni 10 kwa riba ya 12.56, halafu riba za soko zikarudi 15.95 kama za 2021. Nani atainunua yako kwa bei kamili wakati mpya zinalipa zaidi? Nimeipiga: ingeuzika kwa takriban milioni 7.9. Umeugua, unahitaji pesa wiki hii, umepoteza milioni 2 bila mtu yeyote kukuibia. Na hapo nimechukulia kwamba mnunuzi yupo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL. Limekua sana tangu hapo, hatifungani zinauzwa na kununuliwa kila siku ya kazi, lakini siyo kama kuuza gunia la mpunga hapo Kahama ambako mnunuzi anasubiri na mizani.

Kuna nchi iliyojaribu unachotaka, tena kwa taifa zima. Chile ilibadili pensheni zake mwaka 1981: kila mfanyakazi akaunti yake, asilimia 10 ya mshahara inaingia humo, kampuni binafsi zinawekeza. Kwa miaka mingi watafiti wa soko la mitaji walikuwa wanaitaja Chile kama mwanafunzi wa kwanza darasani, maana zile akiba zilijenga soko la hatifungani na mikopo ya nyumba ya muda mrefu. Ilipokuja korona, bunge likaruhusu watu wachote asilimia 10 ya akiba zao: Julai 2020, tena Desemba, tena Aprili 2021. Zilitoka dola zaidi ya bilioni 40. Watu walikuwa na shida kweli, siwahukumu. Lakini mamilioni walibaki na akaunti tupu, wengi wao wenye kipato cha chini, na mifuko ilipolazimika kuuza hatifungani kwa wingi ili ilipe, riba za muda mrefu zilipanda na mkopo wa nyumba ukawa ghali hata kwa aliyeacha pesa yake palepale. Akiba ya uzeeni na soko la mitaji ni mtungi na maji. Ukiupasua mtungi, maji ya jirani nayo yanamwagika.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: pesa ziko wapi?

Sehemu kubwa iko kulekule unakotaka kuipeleka. Mifuko ya pensheni, pamoja na mabenki, ndiyo wakopeshaji wakubwa wa serikali ndani ya nchi. Mwalimu, wewe tayari una hatifungani. Unazimiliki kupitia mfuko. Kuna sehemu iko kwenye amana za benki, hisa na majengo. Kuna iliyokwenda kwenye miradi unayoifahamu: majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma yalijengwa kwa mikopo ya mifuko ya pensheni, na Daraja la Nyerere pale Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, asilimia 60 ya gharama ilitoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Sipingi pesa ya wastaafu kujenga nchi, mradi inarudi kwa wakati na riba yake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimeandika mwaka baada ya mwaka kwamba serikali ilichelewa kuilipa mifuko. Na lipo deni kubwa kuliko yote: PSPF ilipoanza kukusanya michango mwaka 1999, ilibebeshwa kuwalipa pia watumishi kwa miaka waliyofanya kazi kabla ya hapo, miaka ambayo haikuwa na mchango hata senti. Serikali iliahidi kuijazia, ikachelewa miaka na miaka, mfuko ukala akiba za waliokuwa wanachangia kwa sasa. Mwaka 2021 ndipo serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF kulipa sehemu ya deni hilo. Ilikuwa hatua kubwa, na ilichelewa mno. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kilipobanwa, aliyebanwa ni mwanachama, ilhali shimo lilichimbwa na deni la mwajiri wake. Hilo nalisema wazi na nimelisema mbele ya wanaohusika.

Kwa hiyo kama ningekuwa na sauti ya chama chako, nisingeipoteza kudai asilimia 50. Ningedai mfuko utangaze kila mwaka, kwa lugha ya kawaida na kwenye simu ya kila mwanachama, umewekeza wapi na umepata faida asilimia ngapi baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Uganda wanafanya jambo linalokaribia hilo. NSSF yao ni mfuko wa akiba, kila mwanachama ana salio lake, na kila mwaka waziri anatangaza riba hadharani: asilimia 10 kwa mwaka wa fedha 2022/23, 11.5 kwa 2023/24. Madereva wa bodaboda wa Kampala wanaijadili hiyo namba kama matokeo ya mpira. Wana shida yao, maana mzee wao hupewa zote kwa mpigo na yanamkuta ya Korogwe. Lakini hakuna anayeuliza pesa ziko wapi.

Ningedai pia pensheni ipandishwe kufuata bei za vitu. Hapa panaumiza kimyakimya. Mfumuko wa bei umekuwa ukizunguka asilimia 3 hadi 4 miaka ya karibuni, watu wamesahau kwamba Desemba 2011 ulikaribia 20. Hata kwa 4 tu, thamani ya pesa inakatika nusu ndani ya miaka 18. Ile 372,414 ya mtu wetu, isipoguswa, akifika miaka 78 itanunua vitu vya kama 184,000 za siku aliyostaafu. Na usidhani hatifungani inakuokoa hapo, kuponi yake, yaani riba inayokulipa, nayo haipandi.

Sasa wewe mwenyewe, mwenye miaka 41. Ushauri wangu ni kwamba pensheni iache iwe ya kula. Hatifungani ifanye iwe ya mkupuo, na isisubiri mkupuo. Una miaka 19. Ukitenga laki moja kila mwezi na ikazaa asilimia 10 kwa mwaka, chini ya riba zote za hatifungani ndefu nilizotaja, ukifika 60 una kama milioni 64. Nimeandika hiyo namba kwa tahadhari: kwa bei za leo, tukichukua mfumuko wa 4, ni sawa na milioni 30. Bado ni pesa yako, juu ya mkupuo wa mfuko, na kwa miaka 19 umejifunza kuimiliki ukiwa na nguvu. Anayeanza kujifunza hatifungani siku aliyopewa milioni 37 ni kama anayejifunza kuogelea siku mashua inazama.

Namna ya kufanya si ngumu. Mnada wa Benki Kuu unaanzia shilingi milioni 1. Benki yako au dalali wa soko la hisa atakufungulia akaunti ya CDS, ambamo hatifungani zako huandikwa kwa jina lako, na riba inaingia kila baada ya miezi sita. Laki moja haifiki hapo, kwa hiyo ianzie kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. UTT, taasisi ya umma ya mifuko ya namna hiyo, walianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005 na sasa wana hadi mfuko wa hatifungani, na wapo wengine wenye leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Zikifika milioni, hamishia mnadani. Kuponi usiile, irudishe ilikotoka. Kama mna VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, msikivunje, ndicho cha dharura, kikuepushe na kuuza hatifungani kwa hasara. Na kama una mkopo wa kausha damu, au kadi yako ya benki iko kwenye droo ya mtu, achana na haya yote kwanza. Hakuna hatifungani duniani inayolipa kama unavyojilipa kwa kumaliza mkopo wa namna hiyo.

Kabla ya vyote hivyo, wiki hii, omba taarifa yako ya michango PSSSF uipitie mwezi kwa mwezi na hati zako za mshahara pembeni. Angalia hasa miezi ya mwanzo wa ajira na ile ya uhamisho, maana huko ndiko mapengo hujificha. Kwa yule mtu wetu wa mshahara wa milioni, kila mwezi unaokosekana unakata 103,448 kwenye mkupuo na 1,034 kwenye pensheni ya kila mwezi mpaka kufa. Mwaka mzima ukipotea ni milioni 1.24 na 12,414. Ukikuta pengo, liandikie barua leo, nakala kwa mwajiri, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukiwa na miaka 41 barua hiyo ni kazi ya wiki chache. Nimewaona watu wa miaka 61 wakiitafuta karatasi hiyo hiyo katika ofisi ambayo ilishahama jengo mara mbili.